Mjadala: Maswali ya mpaka wa Kiunga yajibiwe wapi, ukumbini mwa Bunge au kamatini?

Mkazi wa Mkomani, Lamu:

Assalaam alaykum nyote. Naleta mbele yenu suala linalojadiliwa sana Nairobi, ingawa sisi wa huku ndio linalotugusa zaidi: je, mawaziri wa Kenya wafike ukumbini na kuhojiwa mbele ya wabunge wote, au waendelee kujibu mbele ya kamati pekee? Msimamo wangu ni kwamba wafike ukumbini, na kwamba katika mambo ya mpaka wafike wote wanaohusika kwa siku moja.

Kwanza tukumbushane hali ilivyo. Kabla ya Katiba ya 2010 waziri alikuwa mbunge, akiketi na wenzake, na mbunge yeyote aliweza kusimama akamuuliza swali na papo hapo akaongeza swali la nyongeza. Hata Raila Odinga, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2013, alikuwa na kipindi chake cha kuhojiwa. Katiba mpya ikasema katika Kifungu cha 152 kwamba waziri hawezi kuwa mbunge, na katika Kifungu cha 153 kwamba atafika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri wahojiwe ukumbini, na mwaka uliofuata wakaanza kufika. Wapo wanaoshikilia kwamba Katiba imetaja kamati tu na kwamba kwenda ukumbini ni kuipindisha, ndiyo maana mjadala huu haujafungwa.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa Lamu aujali. Kwetu hapa sera ya ndani na sera ya nje hazitenganiki. Mpaka wa Kenya na Somalia unaingia baharini karibu na Ishakani, Lamu Mashariki. Tangu tangazo la rais la 1979 Kenya imekuwa ikidai kwamba baharini mpaka huo unafuata mstari wa latitudo kwenda mashariki moja kwa moja. Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama hiyo ikalikataa dai la Kenya na kuchora mstari mwingine, nayo serikali yetu ikasema haiutambui uamuzi huo. Mbele ya wanasheria, hapo pana pande mbili na kila upande una hoja zake. Mtazameni sasa nahodha wa Kiunga, mji wetu ulio karibu na mpaka huo, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Anavuka mwamba na mashua yake kwenda maji makuu kutafuta nguru na jodari. Ramani hana, alama zake ni visiwa anavyoviacha nyuma, na usiku ni nyota. Anachotaka kujua ni kimoja tu: akisimamishwa na askari wa upande wa pili, ni nani serikalini atakayesimama aseme kwamba mtu huyu alikuwa katika maji ya Kenya, na kwa mstari upi?

Swali hilo ni la wizara gani? Wizara inayosimamia uvuvi itasema hilo ni jambo la usalama. Ulinzi watasema wao hulinda mpaka, hawauchori. Mambo ya Nje watasema suala la kisheria liko kwa Mwanasheria Mkuu. Kila mmoja akihojiwa na kamati yake, katika chumba chake, wiki yake, inawezekana kabisa asiwepo aliyesema uongo na asiwepo aliyejibu.

Tena huku tumezoea kupewa taarifa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Septemba 2011 watalii walivamiwa Kiwayu, na tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa akatekwa kisiwani Manda. Mwezi huohuo majeshi yetu yakaingia Somalia kupigana na wanamgambo wa al-Shabaab, na idhini ya Bunge ya kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ikaja Desemba. Sisemi kwamba serikali haikuwa na sababu ya kuingia. Ninasema waliobaki na gharama ya uamuzi ule ni watu ambao hakuna aliyewauliza. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, zaidi ya watu 60 wakauawa. Kafyu ikafuata. Kuvua usiku nako kulipigwa marufuku kwa miaka, jambo ambalo kwa mtu wa jarife, wavu utegwao usiku, ni sawa na kuambiwa aache kazi. Shule za wadi ya Basuba, wanakoishi Waaweer, zilifungwa. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, iliyotangazwa kuwa ya siku 90, na ikaendelea miaka. Mei 2023 tukaambiwa vituo vya mpakani, cha Kiunga kikiwemo, vitafunguliwa kwa awamu. Julai tukaambiwa vimeahirishwa. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na waziri wake, na kila moja ilistahili mbunge asimame mbele ya nchi nzima aulize: muda uliotaja umekwisha, kwa nini operesheni haijaisha, na mtoto wa Milimani, huko Basuba, atarudi darasani lini?

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mwanasheria, Malindi:

Ndugu yangu wa Mkomani, uchungu wako ninauelewa na maelezo yako ya mpaka ni sahihi, lakini dawa unayoipendekeza tumekwisha kuinywa. Aprili 2009 Kenya na Somalia zilitia saini makubaliano kuhusu eneo la bahari, na aliyetia saini kwa upande wetu ni Moses Wetang'ula, waziri wa mambo ya nje wakati huo na sasa Spika wa Bunge la Taifa. Wakati huo mawaziri wote walikuwa wabunge na waliketi ukumbini. Nafasi ya kuuliza ilikuwepo, maswali ya nyongeza yalikuwepo, na Waziri Mkuu wa kuhojiwa alikuwepo. Makubaliano yale ndiyo Kenya iliyoyategemea baadaye The Hague kusema kesi isisikilizwe, na Februari 2017 mahakama ikaitupa hoja hiyo. Kipindi cha maswali hakikutuokoa.

Ukumbini mbunge hupewa dakika chache, kamera zinamtazama, na nyuma yake wapo wengine kadhaa wanaosubiri kuuliza kuhusu barabara na visima vya maeneo yao, jambo ambalo ni haki yao. Waziri husoma jibu lililoandikwa na maofisa wake: serikali inalifahamu suala hili na inalishughulikia. Anaketi, na siku inapita. Kamatini mambo ni tofauti. Kifungu cha 125 kinaipa kamati mamlaka ya Mahakama Kuu ya kumwita shahidi na kudai nyaraka. Wabunge wachache waliosoma faili wanaweza kumweka waziri na katibu wake saa tatu, na akikwepa Jumanne wakamrudisha Alhamisi. Tena mambo ya Boni na ya kambi ya kijeshi ya Manda Bay, ilikoshambuliwa Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa, si mambo ambayo waziri mwenye busara atayaeleza hadharani. Ukimlazimisha ukumbini, atakujibu kwa maneno matupu, na atakuwa na sababu.

Na kama kweli waziri amekosa, Kifungu cha 152 kinaruhusu robo ya wabunge kuanzisha hoja ya kumwondoa. Tuzitumie nguvu zilizopo kabla ya kuomba mpya.

Muuza samaki, Faza:

Nyote wawili mmesema vizuri, lakini kuna jambo hamkuligusa. Mimi hununua samaki dikoni, mashua zinapowateremsha, na kuwapeleka Lamu, na mume wangu ni mvuvi. Mwaka mmoja mashua ya jamaa zetu ilizuiliwa, tukaenda ofisi moja baada ya nyingine, na kila mahali tuliambiwa kwamba suala letu limefikishwa juu. Hadi leo sijui lilifika wapi. Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge sawasawa na Kiingereza. Basi kwa nini jibu linalohusu bahari ya Faza na Kizingitini lisomwe kwa Kiingereza, liingie katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na lisitufikie? Iwe ukumbini au kamatini, mimi nataka jibu lililoandikwa kwa Kiswahili, lenye jina la waziri na tarehe, libandikwe dikoni na mbunge aje alisome barazani. Likiwa la uongo tutamwambia palepale, kwa sababu bahari tunaijua.

Mkazi wa Mkomani, Lamu:

Nimesoma kwa makini, na hoja ya 2009 ni nzito, siwezi kuipita. Ni kweli mawaziri walikuwepo ukumbini. Kilichokosekana ni wajibu wa kuleta makubaliano kabla ya kalamu kushikwa. Sheria ya 2012 ya mikataba ilijaribu kuliziba pengo hilo, ikitaka mikataba ipelekwe Bunge la Taifa kabla ya kuridhiwa, lakini imeyaacha nje makubaliano ya nchi mbili yanayohesabiwa kuwa ya kiutawala au ya kiufundi, na mlango huo ni mpana mno kwa nchi yenye mpaka unaobishaniwa. Ninakubali basi kwamba ukumbi peke yake hautoshi.

Hata hivyo, ndugu yangu mwanasheria, kamati zako nazo hazina rekodi ya kujivunia. Kupeleka polisi wa Kenya nchini Haiti kulichunguzwa na kamati, kamati zikapendekeza kukubaliwe, na Novemba 2023 Bunge likakubali. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema haikuwa halali, kwa sababu mamlaka ya Baraza la Usalama wa Taifa ya kupeleka vikosi nje yanahusu wanajeshi, si polisi. Swali hilo la msingi la kisheria lilihitaji mwananchi akimbilie mahakamani ndipo lipate jibu. Ama hoja ya kumwondoa waziri, tuliiona Mei 2024 kuhusu Mithika Linturi, waziri wa kilimo wakati huo, na mbolea bandia: wabunge wengi waliiunga mkono, ikaenda kwa kamati maalumu ya watu 11, na kamati ikamsafisha. Silaha hiyo ni kubwa mno kwa kazi ya kila wiki, na kwa nahodha aliyesimamishwa baharini haina msaada wowote.

Kuhusu siri, Kifungu cha 118 kinasema Bunge haliwezi kuwafungia wananchi mlango isipokuwa kwa sababu za kipekee ambazo Spika ameridhika nazo. Njia za doria na idadi ya askari ni siri, nami sitaki kuzijua. Lakini mstari wa mpaka si siri. Umechapishwa The Hague na kila mtu duniani anaweza kuusoma. Tarehe ya kufungua shule si siri. Na iwapo mvuvi aliyezuiliwa ng'ambo atatetewa au hatatetewa, hiyo si siri hata kidogo.

Ninachokipokea kwa mikono miwili ni neno la dada yetu wa Faza, kwa sababu jibu ambalo waathirika hawawezi kulipima si jibu. Kwa hiyo nimeandika rasimu, na naomba wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, Mwakilishi wa Kike na Seneta waiwasilishe jinsi ilivyo au waiboreshe. Inaelekezwa kwa mawaziri watatu pamoja, wa mambo ya nje, wa ulinzi na wa uvuvi, na inasomeka hivi:

"Je, mawaziri wanaweza kueleza: ni mstari upi wa mpaka wa baharini ambao vyombo vya Kenya vinaufuata vinapomruhusu au kumzuia mvuvi aliyeandikishwa Kiunga; mvuvi huyo akizuiliwa upande wa Somalia, ni ofisi ipi yenye wajibu wa kumtetea, na ndani ya siku ngapi; ni makubaliano gani kuhusu bahari ambayo serikali imeyafikia na Somalia tangu Oktoba 2021, na yako wapi ili Bunge liyasome; na je, majibu haya yatawasilishwa kwa maandishi ya Kiswahili katika madiko ya Kiunga, Kizingitini, Faza na Lamu?"

Mwenye neno la kupunguza au kuongeza katika rasimu hii aliweke hapa kabla haijapelekwa.