Naomba ushauri: Nimepangiwa kufundisha utangulizi wa GIS kwa mwaka wa kwanza, nianzie wapi?

Mwalimu wa Bondeni

Habari zenu wakuu. Muhula ujao nimepangiwa kozi ya utangulizi wa GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi, kuchambua na kuchora taarifa za mahali, hapa Dar. Wanafunzi wenyewe si wapima ardhi, ni wa maendeleo ya jamii, mazingira na afya ya umma, na wengi hesabu waliagana nazo kidato cha nne. Darasa linapita watu mia, maabara ina kompyuta 30, na intaneti ni ya kubahatisha.

Muhtasari niliokabidhiwa unaanza na fasili, unafuata historia tangu Roger Tomlinson alipoanzisha mfumo wa GIS wa serikali ya Kanada miaka ya 1960, halafu aina za data, na kompyuta inaguswa muhula ukiwa umefika katikati. Mpangilio huo siupendi. Lakini nikiwakalisha mbele ya programu siku ya kwanza, nahofia watajua pa kubonyeza bila kujua wanatafuta nini. Nataka wakimaliza waweze kuishika ramani yoyote, hata ya mtaalamu mkubwa, na kuihoji. Nimefikiria tutumie bonde la mto Msimbazi muhula mzima, maana hakuna mwanafunzi wa Dar asiyejua Jangwani inavyokuwa mvua za masika zikikolea.

Waliofundisha au waliosoma kozi hii, naombeni uzoefu wenu.

Mpima Mstaafu

Hongera mwalimu, hiyo ni kozi ya maana sana. Anza na koordineti, ila kwa zoezi, si kwa mhadhara. Waandike latitudo na longitudo ya Kariakoo kwenye jedwali, takriban -6.82 na 39.27, kisha waiingize QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani. Atakayegeuza safu hizo mbili, nukta yake itaangukia Hispania. Atakayesahau alama ya kutoa ataikuta Ethiopia. Usiwaambie kwa nini, waache wabishane hadi wapate.

Siku nyingine wape datamu, yaani msingi ambao koordineti zinapimwa kutoka kwake. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960, simu zao zinasoma ya WGS84. Ukichukua koordineti za ramani hizo ukazitumia kama za simu bila kuzigeuza, unakosea kwa takriban mita 300. Pale Msimbazi mita 300 zinaweza kumtoa mtu bondeni zikampandisha mlimani. Na kanda za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande ili upime kwa mita, msiziruke: Dar na Morogoro ni 37 kusini, Dodoma mjini ni 36, Kigoma mjini tayari ni 35. Nchi moja, kanda tatu.

Binti Takwimu

Shikamoo mzee. Hayo yote ni ya lazima, ila mimi wa afya ningetanguliza swali kabla ya koordineti.

Mwalimu, wape kipindupindu cha Soho, London, 1854. Karibu kila kozi inaonyesha nukta za vifo alizochora daktari John Snow kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street na kuishia hapo. Wewe nenda mbele. Kwenye ramani aliyoitoa mwaka uliofuata, Snow aliongeza mstari unaopita mahali ambapo mtu angetembea umbali ule ule kufika pampu ile au pampu nyingine iliyo jirani. Alipima kwa njia za miguu, si kwa kunyoosha rula. Mstari ule ndio uliobeba hoja yake kwamba ugonjwa ulitoka kwenye maji ya pampu ile, kwa sababu ulionyesha vifo vinapungua sana ukishavuka kwenda upande ambao pampu nyingine ndiyo ya karibu.

Sasa waletee nyumbani. Mpe mwanafunzi zahanati na duara la kilomita 5, atakuambia wote waliomo ndani wana huduma karibu. Muulize: aliye ng'ambo ya mto, na daraja liko mbali, huyo naye yuko karibu? Na mvua ikinyesha je? Hapo darasa zima linaamka. Mwanajiografia Michael Goodchild mwaka 1992 alitetea kwamba kuna sayansi nyuma ya mifumo hii, na kwangu sayansi yenyewe ndiyo hiyo: kujua "karibu" ina maana gani kabla hujabonyeza kitufe cha kuchora duara.

Jambo jingine, wakataze kupaka rangi kata kwa idadi ya wagonjwa tu. Ramani ya namna hiyo mara nyingi inaonyesha kata zenye watu wengi, basi. Kwanza waigawe idadi hiyo kwa idadi ya wakazi.

Kijana wa Mitaro

Nakazia. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi walioingia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za maeneo ya mafuriko Dar, ilipoanza 2015, tukapita kata zinazofurika kuchora nyumba, njia na mitaro kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Nilichojifunza kwenye mtaro mmoja sikukipata darasani. Kwenye picha ya setilaiti unauona mstari, unadhani maji yanapita. Ukifika unakuta umejaa taka hadi juu, na mama anayeuza maandazi pembeni anakuonyesha ukutani maji yalipofika. Alama ile ya ukutani ni data, mwalimu. Wafundishe kuipima na kuiandika pamoja na tarehe.

Kuhusu maabara: faili la kusakinisha QGIS linazidi gigabaiti 1, lipakue mapema uligawe kwa flashi. Na watakuja kukutumia shepufaili, yaani data ya ramani iliyogawanywa kwenye faili kadhaa, kwa WhatsApp, faili la .shp peke yake, halafu haifunguki. Waambie mapema kwamba .shx na .dbf lazima viende pamoja nalo, na .prj pia, la sivyo hujui koordineti ni za mfumo gani. Au waanze moja kwa moja na GeoPackage, muundo mwingine wa kuhifadhi data hiyo, kila kitu kinakaa kwenye faili moja.

Mtafuta Ajira

Samahani wakuu, mbona matangazo ya kazi mengi yanataka ArcGIS, ile programu ya kulipia? Msije mkawapotezea vijana muda.

Binti Takwimu

Ndugu yangu, aliyeelewa tabaka za ramani, datamu na umbali kwenye QGIS anahamia ArcGIS bila shida kubwa. Na QGIS hailipiwi, akihitimu anaondoka nayo kwenye kompyuta yake.

Mwalimu wa Bondeni

Asanteni sana, shikamoo mzee wangu Mpima. Nimeamua: wiki ya kwanza tunaanza na zahanati na mto, kwa karatasi na kalamu, bila kompyuta. Ya pili ni Kariakoo iliyoangukia Hispania. Tomlinson atakuja baadaye, wakishakuwa na hamu ya kujua nani alianza. Makundi ya watu wanne wanne, kila kundi na kipande chake cha mtaro. Kuna la kuangalia kabla sijawapeleka mtaani?

Kijana wa Mitaro

Lipo. Peleka barua ya chuo kwa mtendaji wa mtaa na umwone mwenyekiti mapema, omba mjumbe mmoja awe na kila kundi. Bondeni watu wengi wamewahi kuwekewa alama ya X wabomolewe, wakiona kijana na simu anapiga picha nyumba wanaogopa, na wana haki. Wanafunzi wajitambulishe, waeleze data inaenda wapi, wasiandike jina la mtu wala kupiga picha ndani ya uzio. Na mkimaliza, chapisheni ramani kubwa mwirudishe ofisi ya mtaa.