Wateja wanauliza bei halafu kimya, mnawafuatilia vipi bila kuwa kero?

Pazia_Refu:
Habari za humu wakuu. Mimi nashona na kuuza mapazia, huu mwaka wa tatu, oda karibu zote zinakuja kwa simu, watu wanaona picha kwenye status au kwenye ukurasa wangu wananiandikia. Shida yangu siyo watu wa kuuliza, hao wapo tele. Mtu anakuja "hili bei gani", namjibu, anasema "sawa nitakucheki", ndo imeisha hiyo. Tiki za bluu naziona, status zangu anaangalia kila siku tena ni wa kwanza kwanza, ila kuongea haongei. Nikimwandikia, wengine wanasema bado wanajipanga, wengine wananuna, mmoja wiki iliyopita kaniblock kabisa na nilimwandikia mara tatu tu (haya, labda nne). Mume wangu anasema nipunguze bei, mdogo wangu anasema nilipie matangazo watu waongezeke. Mimi naona hata hawa waliokuja wenyewe nashindwa kuwashika, nikiongeza wengine si nitakuwa nachota maji kwa pakacha? Mnafuatiliaje mteja bila kuonekana ombaomba, na mnafika mara ngapi ndo mnaacha? Natanguliza shukrani.

Dogo_Rejareja:
Tuwekee hapa meseji zenyewe unazowaandikia, neno kwa neno. Bila hivyo tutakupa ushauri wa hewani.

Pazia_Refu:
Aibu ila poa. Ya kwanza huwa "Habari dear, vipi bado unahitaji mapazia?" Ya pili "Mambo, umefikia wapi?" Ya tatu "Habari, nakukumbusha kuhusu mapazia yako". Hiyo ya tatu ndo ilinipa block.

Daftari_Jekundu:
Dada, ugonjwa umeonekana. Hizo meseji zote tatu ni moja, ni za kudai. Unamdai jibu mtu ambaye hajakukopa kitu. Ndo maana anajisikia kama anafuatwa na mwenye duka la mkopo, na mtu anayedaiwa anakimbia hata kama hela anayo.

Mimi nauza samani, wateja wangu nao wanafikiria muda mrefu kama wako, na kilichonisaidia ni kujiwekea sharti moja, simwandikii mteja kama sina kitu mkononi cha kumpa. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kidogo tu. Jibu la swali aliloliacha linaning'inia, picha ya kitu kinachofanana na alichokitaka, au taarifa kwamba ile rangi aliyoiulizia imerudi. Kwenye biashara yako wewe hicho kitu kipo cha bure kabisa, vipimo. Watu wengi hawajui pazia linapimwaje. Anapima dirisha lenyewe, kumbe inatakiwa apime fimbo, na fimbo yenyewe inapita dirisha huku na huku, halafu kitambaa kinatakiwa kiwe kama mara mbili ya huo upana ili pazia likae na mikunjo. Fimbo ya sentimita 200 inataka kitambaa cha sentimita 400 hivi, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Sasa mtu aliyeuliza bei mwandikie "Dada, ile bei niliyokupa ni ya fimbo ya mita mbili. Ya kwako ina upana gani? Nitumie hata picha ya dirisha nikupigie hesabu kamili usije ukanunua pungufu." Unaona tofauti? Hapo hujamuuliza atanunua lini. Umemuuliza kitu anachoweza kukijibu akiwa amekaa kwenye kochi, na akishakutumia picha ya dirisha lake huyo siyo muulizaji tena, mmeshaanza kazi.

La pili, andika. Nina daftari, jina lenyewe mnaliona hapo juu, nalo lina safu tano tu: jina, namba, alitaka nini, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe ya kumrudia. Hiyo ya nne ndo yenye pesa. Mtu akikwambia "nahamia mwisho wa mwezi" usiandike "bado anajipanga", andika nahamia mwisho wa mwezi, halafu tarehe ya kumrudia weka siku chache kabla ya huo mwisho wa mwezi. Siku ikifika unamwandikia "ulisema unahamia wiki hii, madirisha umeshayaona?" Mtu anashangaa unakumbuka. Siyo kwamba nina kichwa kizuri, mimi hata siku ya ndoa yangu nakumbushwa.

Na akisema "nitakucheki" mjibu papo hapo "sawa, nikutafute mimi lini, wiki hii au baada ya tarehe ya mshahara?" Akikupa siku, basi una ruhusa. Ukimwandikia siku hiyo humsumbui, mmeahidiana. Akikwepa kutaja siku, nalo ni jibu, mweke mwisho wa orodha.

Kuhusu mara ngapi, mimi naenda tatu, kila moja na kitu tofauti, nikizidi kuziachanisha. Ya mwisho namwachia mlango, "naona muda bado, nakutoa kwa sasa kwenye orodha ya kazi, ukiwa tayari namba ndo hii". Kuna watu wanajibu hiyo ya mwisho tu, sijui kwa nini, binadamu akiona mlango unafungwa ndo anakumbuka alitaka kuingia.

Salama_S:
Naongeza kwenye hilo la kupunguza bei maana Daftari kaliacha. Ukiwa unafuatilia watu kwa punguzo unawafundisha kunyamaza. Mimi yalinikuta, nilikuwa kila mtu akikaa kimya siku tatu namtumia "leo nakupunguzia". Wakaambiana. Ikafika mahali mteja anauliza bei halafu anasubiri kwa makusudi, na mmoja akaniambia wazi kabisa bila hata aibu "shoga yako alisema nisikujibu utashusha mwenyewe". Na yule aliyelipa bei kamili siku ya kwanza akisikia anajiona mjinga, na huyo ndo mteja wako bora. Kama lazima utoe kitu toa cha juu ya bei siyo cha kukata bei, kwa mfano unampelekea na kumfungia, au unampa vile vikamba vya kufungia pazia.

Halafu acha "dear" na "mpenzi" kwa watu usiowajua. Mwite jina lake. Na kama ni mwanaume mke wake akasoma utaleta kesi hahaha.

Mtu_wa_Simu:
Upande wa vifaa. Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida hamia WhatsApp Business, ni bure. Kuna lebo, unampachika mteja "kauliza", "kalipa advansi", "amepelekewa", ukiifungua asubuhi unaona nani yuko hatua gani. Kuna majibu ya haraka, yale maelezo ya vipimo unayaandika mara moja tu yanakuwa yanaitika kwa neno fupi. Kuna ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe kwa mtu mpya au mtu aliyepotea siku 14. Weka, lakini usiandike "asante kwa kuwasiliana nasi tutakujibu hivi punde" halafu ukajibu kesho yake. Andika saa unazojibu kweli.

Broadcast, yaani kutuma meseji moja kwa orodha ya watu wengi kwa mpigo, watu wanaikosea sana. Orodha moja inabeba watu 256, na meseji inamfikia yule tu aliyesave namba yako. Kwa hiyo unaweza kutuma kwa watu 200 ukajiona umefanya kazi kubwa wakapata 40, wengine hawana habari. Kwa hiyo mteja akishanunua mwambie "save namba yangu ili ukihitaji kurekebishiwa unipate", anasave. Usimwambie asave apate matangazo, nani anataka matangazo.

SMS za kawaida za wingi bado zinafanya kazi kwa wateja wakubwa kiumri, ila angalia herufi. SMS moja ni herufi 160. Ukiweka emoji moja tu, mfumo unabadilika inakuwa herufi 70, kwa hiyo ile meseji yako ya herufi 150 inahesabiwa tatu na unalipia tatu. Na kwa sisi wa Kiswahili kuna mtego mwingine, kile kialama cha ng' kwenye "yanayong'aa". Ukikopi kutoka kwenye Word kinakuja kile kilichopinda, nacho kinafanya kazi ileile ya emoji. Andika kile kilichonyooka. Nimelipia ujinga huo miezi kadhaa kabla sijashtuka.

Mteja_Tu:
Mimi sina biashara, mimi ni hao wanaowanyamazia. Ngoja niseme. Mara nyingi nauliza bei kwa sababu nataka kujua tu, nipange. Hakuna ubaya hapo. Kinachonikera siyo kufuatiliwa, ni kwamba mtu aliyenijibu baada ya masaa tisa mwenyewe, kesho anataka mimi nijibu dakika hiyohiyo. Na wale wa "bei njoo inbox" ndo kabisa, naenda inbox naambiwa "unahitaji ngapi". Si useme bei! Pia kuuliza watu wanauliza kwa watu watatu kwa mpigo, aliyejibu kwanza na akajibu nilichouliza mara nyingi ndo naye naenda mpaka mwisho, hata kama bei yake imezidi kidogo, kwa sababu nimeshachoka kuandika.

Na kitu kingine, nikishanunua ndo hamnikumbuki tena. Mnahangaika na mimi nikiwa sijalipa, nikilipa mnaniacha. Nilinunua kabati kwa mtu fulani, mlango ukaanza kulegea wiki ya pili, sikulalamika, nilinyamaza tu, na tangu hapo watu watatu wameniuliza fundi nimewapeleka kwingine. Yeye hajui mpaka leo.

Daftari_Jekundu:
Huyu Mteja_Tu mumsome mara mbili. Kweli aliyenunua ndo anasahaulika, na huyo ndo rahisi kuliko wote kwa sababu imani tayari anayo. Mimi nina tarehe nyingine kwenye daftari, ya siku ya pili baada ya kupeleka mzigo. Napiga simu, siandiki. Swali moja tu, "kuna kitu hakijakaa sawa?" Usiulize "umefurahi?" maana atasema ndiyo hata kama kuna mlango umelegea, watu wana haya. Ukimuuliza kasoro unampa ruhusa ya kuisema. Ikiwepo nenda karekebishe upesi na usitoe hadithi ya nani alikosea.

Akisema kila kitu kiko vizuri hapo ndo unaomba. Omba picha ya chumba, na umuulize kama unaweza kuiweka status. Muulize kweli, usichukue tu, nyumba ya mtu ni siri yake na siku hizi kuna sheria za kulinda taarifa binafsi za watu, Ulaya walianza kutekeleza ya kwao, inaitwa GDPR, Mei 2018, Kenya wakatunga ya kwao 2019, Tanzania 2022. Hata hizo namba za simu kwenye daftari lako ni mali ya watu, usiziuze wala usimpe jirani anayeuza mashuka. Mtu akikwambia "usinitumie tena" futa, usimjibu "samahani ila".

Na wewe una bahati, mwenye pazia la sebuleni ana chumba cha kulala, na cha watoto. Andika madirisha ambayo hajayashonea. Nani atakwambia hilo zaidi ya mwenye nyumba siku ile unapima?

Dogo_Rejareja:
Na matangazo ya kulipia, acha kwanza. Siyo mabaya, ila jibu la swali lako ulishalitoa mwenyewe, pakacha. Ziba kwanza. Ila muulize kila anayekuja "umenipatia wapi" na uandike, siku ukitaka kulipia utajua pa kuweka hela.

Pazia_Refu:
Nimerudi, wiki mbili zimepita. Sikufanya yote, nasema ukweli. Nilinunua daftari, nikapekua chati za nyuma nikaandika kila aliyeuliza tangu miezi mitatu nyuma. Ilinichukua jioni mbili na ilinitia aibu, kuna watu waliniuliza swali la wazi kabisa, "mnafika mpaka huku kwetu?", sikuwahi kuwajibu na mimi ndo nilikuwa nasema wamekaa kimya. Yaani mimi ndo nilikuwa kimya.

Wale wa vipimo nimewaandikia kama Daftari alivyosema. Wengi wametuma picha za madirisha, mmoja katuma ya nyumba nzima mpaka choo. Wanne wamelipa advansi. Mmoja kasema alishanunua kwa mtu mwingine mwezi uliopita kwa sababu mimi nilikuwa nampa bei bila kumwambia kama fimbo imo, nikaumia ila nimeandika, sasa naitaja. Yule wa block sijamgusa.

Simu za baada ya kupeleka ndo zinanitia woga kidogo. Nimepiga saba. Watano wako sawa. Wa sita pindo limefumuka, nimelichukua nimelirudia. Wa saba kasema pazia lake limekuwa fupi tangu alifue, na mimi sikumwambia kile kitambaa kinataka maji ya baridi. Kaomba nimpigie tena saa kumi akiwa nyumbani tulipime kwa simu, na sasa hivi ni saa kumi kasoro dakika tano, ntarudi.