Hii hamu ya video za ngono mtu unaipimaje?

Mleta mada: Wakuu habari za usiku, nina miaka 27, wiki ya tatu sasa nimeacha kuangalia video za ngono ila nikiwa geto peke yangu na bando lipo hamu inakuja kama arosto, mkono unaenda kwenye simu wenyewe. Hii kitu inapimika au ndo nshaharibika?

Jibu 1: Hujaharibika mkuu. Kuna dodoso la kupima hamu hiyo la watafiti Kraus na Rosenberg la 2014, lina sentensi 12, kila moja unajipa alama kwenye kipimo chenye ngazi 7, na linataka hamu ya sasa hivi sio ya mwezi jana. Ila hamu sio ugonjwa. WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa, wanaangalia kama umeshindwa kujizuia muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, na maisha yanayumba, kusutwa na dhamira peke yake haitoshi.

Jibu 2: Mi madodoso siyajui, nilikua naandika kwenye daftari saa ngapi, niko wapi, hamu ngapi kwa 10. Nikadhani tatizo langu ni usiku kumbe ni kila nikigombana na bosi 😂 na ikifika 8 nikitoka nje tu kwenda dukani inashuka yenyewe.

Mleta mada: Aisee la daftari naanza leo. Sasa hivi ni 6.

Jibu 2: Simu weka sebuleni basi, ulale.