Ajenti wa River Road na shamba la nyanya Kanada: mwenye kujua anieleze

Kijana_Githurai: Habari zenu. Ajenti mmoja wa River Road, Nairobi, anaitisha shilingi 180,000 anipeleke Kanada kuchuma nyanya miezi minane. Anasema ni mpango uleule wa msimu unaochukua Wameksiko kila mwaka. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe. Kuna aliyewahi kufanya kazi na hao Wameksiko?

Mama_Kui: Ng'ombe asiuzwe! Nilikaa Leamington, Ontario, miaka miwili kwenye vivungulio vya nyanya pamoja nao. Mpango huo ulianza na Jamaika 1966, Meksiko ikaingia 1974, na unachukua watu wa Meksiko na nchi za Karibiani pekee. Kenya haimo.

Niliyefungasha naye nyanya meza moja alikuwa baba wa watoto watatu kutoka Oaxaca, msimu wake wa tisa. Ikifika Desemba 15 lazima awe ameshaondoka Kanada. Kitinda mimba wake alimjua zaidi kwa sauti ya simu. Mimi kibali changu kiliniruhusu kuhama kazi. Chake kilimfunga kwa mwajiri mmoja, na bosi ndiye anayetaja kwa jina wale anaotaka warudi mwaka unaofuata. Kwa hiyo alipoumia mgongo mwezi wa nane, alijifunga kitambaa kiunoni akaendelea kuchuma. Nilimsihi aende hospitali. Akaniambia, "Nikienda, mwakani sitaitwa." Hilo linaniuma mpaka leo.

Babu yake naye alilima Marekani kwa ule mpango wa braseros, yaani vibarua wa Meksiko, 1942 hadi 1964. Miaka ya mwanzo walikatwa asilimia 10 ya mshahara, eti akiba ya kurudi nayo nyumbani. Wengi hawakuiona, babu yake akiwemo.

Fundi_Kayole: Na hiyo 180,000 ni ya nini hasa? Viza, tiketi, ama mfuko wa ajenti?

Kijana_Githurai: Anasema "ya makaratasi". Leo nimemuuliza jina la shamba, akasema nitalijua nikishalipa. Mama_Kui, kuna njia nyingine ya halali?

Mama_Kui: Ipo, Mkenya anaweza kupata kibali cha kazi ya shamba nje ya mpango huo. Lakini mwajiri anajulikana mapema na mkataba unausoma ukiwa bado hapa. Tazama kama ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukipata mkataba wowote, soma kwanza nani anashika kibali, na ukiumia nani anakutibu. Mshahara usome baadaye. Na umpigie mama simu leo, kabla ya siku ya soko.