Mbunge katoa vipaumbele vyake vya Bunge la bajeti, tumbane kwa lipi kwanza?

MwambaoKusini

Wakuu habari za leo. Mbunge wetu huku Kigoma kapita kata kwa kata kabla hajaondoka kwenda Dodoma kwenye Bunge la bajeti, na kwetu alifika akasoma vipaumbele vyake, barabara, maji, uvuvi, umeme vitongojini, zahanati, mawese, vijana, yani hakuna alichoacha na watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikawa najiuliza, hivi vyote anavipelekaje? Bunge linaanza mwezi wa 4 linaisha mwezi wa 6 na wabunge wako kibao, kila mmoja anapata dakika chache za kuchangia. Naogopa akitaja vyote hakuna hata kimoja kitakachoshikwa. Vijana wa kata tunataka kumwandikia barua kabla hajasafiri tumwambie hivi na hivi ndo tunataka, sasa wenye uelewa nisaidieni, tuweke nini mbele na tumfuatilieje?

Karabai

Uvuvi kwanza, mengine yafuate. 2024 ziwa letu Tanganyika lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mimi sipingi kupumzisha ziwa maana hata wazee wanaona migebuka imepungua na dagaa sio wale. Ila wakati ule yaliongelewa mambo ya vizimba vya kufugia samaki na mikopo na mimi naona anayefaidi hapo ni mwenye mtumbwi na mashine, yule kijana anayeingia ziwani usiku kwa mgawo tu hana chochote cha kuonyesha, hana chombo wala leseni, na mke wake anayeanika dagaa naye hana kazi miezi yote mitatu. Mbunge asimame aulize hilo, yule asiye na mtumbwi anakula nini ziwa likifungwa? Asituambie atazuia lisifungwe kabisa, ziwa ni la nchi nne, sisi na Burundi na Kongo na Zambia na makubaliano yanafanywa huko juu.

MzeeWaBaraza

Kijana umeuliza jambo la maana, nimekaa baraza la madiwani vipindi viwili naomba nikueleze taratibu.

Kwanza ujue mbunge hapangi hela. Ibara ya 99 ya Katiba iko wazi, mambo ya kodi na matumizi ya fedha za serikali Bunge haliyashughulikii mpaka Rais ayapendekeze kupitia kwa waziri. Kwa hiyo mbunge akikuambia "nitawaletea barabara" maana yake atasukuma, hawezi kuingiza mradi mwenyewe. Na muda wa kusukuma umeshapita kwa sehemu kubwa, bajeti ya halmashauri inaanza kuandaliwa mwishoni mwa mwaka, inapita baraza la madiwani, inaenda mkoani, mwezi wa 3 kamati za Bunge zinakaa, yanayosomwa Aprili na Mei yameshapikwa. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani kwa nafasi yake, na wabunge wengi hawaonekani humo! Barua yenu ya kwanza imuulize hilo, alihudhuria vikao vya bajeti vya halmashauri au hakuhudhuria, na alisema nini.

Pili kila jambo lina mlango wake. Barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya ni ya mkoa, iko TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, swali linaenda Wizara ya Ujenzi. Ile ya kutoka kijijini kwenu kuja barabara kubwa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hiyo ni TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Maji ya kijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, iko Wizara ya Maji. Nimeona wabunge wanauliza barabara ya kijiji kwa Waziri wa Ujenzi wanajibiwa kwa kifupi wanakaa chini, swali limekufa. Akiuliza swali la msingi anaruhusiwa mawili ya nyongeza na hapo ndo pa kumbana waziri, aombe tarehe, mkandarasi, kiasi kilichotengwa.

Hili la Karabai linafaa Alhamisi kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu maana pale wanataka maswali ya sera, sio kisima cha kijiji fulani. Mvuvi asiye na chombo ni sera.

MamaMise

Shikamoo mzee, asante kwa elimu. Mie niko Mwandiga naomba na michikichi isisahaulike. Toka 2018 Waziri Mkuu wa wakati ule Majaliwa alipokuja na ile kampeni ya michikichi tumehamasishwa, miche ya tenera, ile mbegu ya kisasa, tumepanda, sasa unakamua dumu zako unafika sokoni bei imeshuka na mafuta ya nje yamejaa madukani. Hiyo sio ishu ya halmashauri, ushuru wa mafuta ya kutoka nje unaamuliwa kwenye bajeti kuu mwezi wa 6. Kama mbunge hatasema kitu pale basi asije kutupigia picha shambani. Na mzee naomba kuuliza, ile kushika shilingi inasaidia au ni maneno tu?

MzeeWaBaraza

Marahaba mama. Inasaidia kama imeandaliwa. Bajeti ya wizara ikifika Kamati ya Matumizi mbunge anaweza kusema asiporidhika na maelezo atashika shilingi ya mshahara wa waziri, waziri analazimika kusimama kueleza, wabunge wengine wanaunga mkono au wanakataa, ikishindikana inapigiwa kura. Mara nyingi shilingi inarudishwa, ila ahadi ya waziri inakuwa imeingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwakani unaanzia hapo. Peke yake mbunge wako hafiki mbali, wabunge wa Kigoma wakae pamoja kabla, na wa Rukwa na Katavi wamo maana ziwa ni lao pia.

Na kwa mawese mama, mwezi wa 6 Kamati ya Bajeti huwa inaita wadau kutoa maoni juu ya Muswada wa Fedha. Chama chenu cha wakulima kinaweza kuandika moja kwa moja, msisubiri mbunge.

MwambaoKusini

Mzee Mungu akubariki. Basi barua tunaandika mambo mawili tu, mvuvi asiye na chombo kwa Waziri Mkuu na barabara ya Kalya kwa Ujenzi, la mawese MamaMise mkianza na sisi tunasaini. Zahanati je? Jengo letu limefika kwenye renta limesimama, tusubiri bajeti?

MzeeWaBaraza

Hapana, hilo msilipeleke Dodoma. Kuna Mfuko wa Jimbo, upo kwa sheria ya 2009, mbunge mwenyewe ndo mwenyekiti wa kamati na afisa mipango wa halmashauri ndo katibu. Miradi iliyoanzishwa na wananchi kwa nguvu zao ndo hasa inayotakiwa kuungwa mkono pale. Mtendaji wenu aandike maombi, aambatanishe muhtasari wa mkutano wa kijiji na mchango wenu mliotoa mpaka sasa, tofali, mchanga, hela, vyote. Nakala mpeni diwani, na mwombeni afisa mipango orodha ya miradi iliyopewa hela mwaka jana muone kata zipi zilipata.

Karabai

Mkuu barua ikiwa tayari niambie, huku kwetu watu wa kusaini wapo, na akina mama wa kuanika dagaa nitawafuata mwenyewe mwaloni asubuhi.