Mgeni wa usiku kwenye mpapai: nisaidieni kumtambua kabla sumu haijawekwa

SQ ya Nyuma
Hamjambo wakubwa. Ninaishi Spring Valley, Nairobi, kwenye SQ, yaani nyumba ndogo ya wafanyakazi, nyuma ya nyumba kubwa. Ni ploti ya zamani yenye miti mingi: mipapai, mapera, lokwati na mparachichi mmoja uliopita waya za stima. Nyuma ya ua kuna bonde la kijito, na msitu wa Karura hauko mbali.

Kuna mnyama anakuja usiku. Papai likianza tu kugeuka manjano, asubuhi nalikuta limetobolewa likiwa bado juu mtini, limeliwa ndani likabaki ganda. Usiku kuna kilio kama cha mtoto mchanga, na jirani hana mtoto. Halafu kwenye slabu ya tangi la maji kuna kinyesi, kila mara pale pale, kina mbegu za mapera, vipande vya maganda ya mende na vinywele vya kijivu. Sasa vifaranga wa mama mwenye nyumba wameanza kupungua.

Mama amenunua sumu ya panya, anasema Jumamosi anaichanganya na matumbo. Ni mama mzuri na sitaki tukosane, lakini ningependa kwanza tujue ni nani huyu. Nitamwonaje bila kumfukuza? Kamera sina, nina simu na tochi.

Ochi wa Umoja
Ploti ya zamani, mtoto analia usiku, mtoto mwenyewe hayupo. Kaka, hama.

Bi Nyuni
Kabla hatujamhukumu mtu: hao vifaranga wanapotea usiku wakiwa wamefungiwa, au mchana wakiwa nje? Kuna manyoya au damu inayobaki? Hapa Nairobi mwewe na kipanga wanachukua vifaranga mchana kweupe, halafu kesi anabebeshwa mnyama wa usiku.

Mzee wa Kinoo
Kijana, kilio hicho ni cha komba. Zamani huku kwetu, kabla ya mafleti, ilikuwa kawaida kumsikia giza likishaingia. Ni mnyama wa kilo moja hivi, mara nyingi hata haifiki, ana manyoya laini ya kahawia, mkia mnene na macho makubwa ya duara. Anakula matunda, wadudu na utomvu wa miti. Papai kuliwa likiwa juu ni kazi yake kabisa, maana anaruka kutoka tawi hadi tawi hata chini hagusi.

Ila hicho kinyesi chenye nywele kinanitatiza. Sioni komba akiacha nywele za panya kwenye slabu.

Fundi Mabati
Mzee, kwa heshima, mimi nasema ni perere, yule pimbi wa mitini. Nimefanya kazi Karen na Lang'ata, yule mnyama akianza kelele usiku unaweza kudhani mtu anachinjwa.

Mzee wa Kinoo
Perere namjua pia, mwanangu. Wake si kilio cha mtoto. Anaanza kwa mkwaruzo kama wa bawaba yenye kutu, anaurudia, kila mara unapanda juu zaidi hadi unakuwa ukelele. Na perere anakula majani, kinyesi chake ni vidonge kama vya mbuzi. Mende na panya hana haja nao.

Mwana wa Kisauni
Huku pwani komba tunamjua kwa ulevi. Mgema akitundika kibuyu chake mnazini, usiku komba keshapanda kumpunguzia tembo. Papai tu? Mshukuru.

Mkuu wa Arusha
Mkuu, mnazunguka sana. Weka sumu, ulale. Kuku ni hela.

Dokta Kabete
Nimeshindwa kuipita hii. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani kazi yake ni kuzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi hapo hapo, anazurura siku kadhaa akizidi kulegea, na panya mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Bundi anamla, paka wa jirani anamla, mbwa wako anamla, na sumu inaendelea kutembea. Mkichanganya na matumbo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wa kwanza kufika atakuwa mbwa wa nyumbani. Nimewatibu mbwa wa namna hii, wanavuja damu kwenye fizi na puani, na si wote wanaopona.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haisemi mnyama akiingia kwenye ua wako basi ni wako. Mwambie mama hivyo kwa upole, na umwambie pia kwamba bila mla panya atanunua sumu hiyo kila mwezi.

Mkuu wa Arusha
Sawa dokta, sikujua hiyo ya bundi. Ingawa bundi naye mwacheni mbali na nyumba yangu.

Macho ya Usiku
Ndugu wa SQ, kumwona ni rahisi kuliko unavyofikiri, na kamera si lazima.

Anza na nyayo. Chekecha majivu ya jiko, yamwage tabaka jembamba kwenye ukingo wa slabu na chini ya mpapai jioni. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, inama uangalie kutoka pembeni ili kivuli kikuonyeshe umbo. Alama ndogo ya duara kama ya paka, haina kucha: fikiria paka mwenyewe, au kanu, yule mla nyama mdogo mwembamba mwenye madoadoa. Alama yenye kucha ndefu mbele ya vidole: nguchiro. Alama kama kiganja cha mtoto, kidole gumba kimetengana na vingine: komba. Huyo wa mwisho ana tabia ya kulowesha viganja vyake kwa mkojo wake mwenyewe, kwa hiyo hata bila majivu unaweza kukuta alama zinazonata kwenye bomba au dirisha.

Halafu keti. Zima taa ya nje, kaa mahali pamoja ukiegemea ukuta, na ufunge tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, ile ya kufungia zawadi. Wanyama wengi wa usiku mwanga mwekundu hauwasumbui kama mweupe. Usimulike moja kwa moja, pitisha mwanga taratibu kwenye matawi ukitafuta macho yanayong'aa. Komba huanza mizunguko mara giza likiingia, huna haja ya kukesha. Na usivae lile koti la nailoni linalokwaruza, masikio yao ni makali.

Nikikisia kwa kinyesi peke yake, nasema una kanu. Ana desturi ya kurudi sehemu moja iliyoinuka: jiwe, paa, slabu. Mbegu, mende na nywele za panya kwa pamoja ndiyo sahani yake.

Wa Kitisuru
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi kwenye ua wangu kuna kinyonga mwenye pembe tatu puani, kijani. Ni hatari? Mfanyakazi amekataa kumwagilia maua upande ule.

Bi Nyuni
Hana sumu wala haumi kwa maana. Pembe tatu ni dume, jike mara nyingi hana. Jike hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa hai, vinyonga vidogo kama njiti ya kiberiti. Usipulize dawa ya wadudu kwenye maua hayo, utamlisha sumu. Mfanyakazi mwelewe tu, wengi tumelelewa tukimwogopa.

Ukipenda mambo haya, shirika la uhifadhi la Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha mwaka 1971. Nenda na kofia.

SQ ya Nyuma
Nimerudi. Mama amekubali kungoja, baada ya kumsomea maneno ya dokta kuhusu mbwa. Simba, mbwa wake, ndiye kipenzi cha nyumba nzima.

Mzee wa Kinoo, ni komba! Wako wawili. Nilimwona mmoja ameshika papai kwa mikono yote miwili, anachota kwa meno ya mbele, anatulia, anageuza shingo karibu aangalie mgongoni, halafu anarudi kula. Mbegu zilikuwa zinadondoka kwenye mabati, tak, tak. Mwingine aliruka kutoka mparachichi hadi ukutani, umbali ambao mimi ningehitaji ngazi.

Majivu ya slabu yametoa alama za duara zisizo na kucha. Jirani akaniruhusu kuangalia kamera zake za usalama: mnyama mrefu mwembamba, miguu mifupi, madoadoa, mkia wa pete nyeusi na nyeupe karibu ulingane na mwili. Anapita juu ya ukuta kama mtu anayejua njia.

Bi Nyuni, na wewe ulipatia. Msichana wa kazi anasema vifaranga wanapotea saa nne, saa tano asubuhi, wakiwa nje. Jana alimwona mwewe akishuka.

Macho ya Usiku
Huyo wa pete ni kanu. Hongera, kuna watu wameishi hapo miaka mingi na hawajamwona.

Lakini usimtetee kupita kiasi. Kanu akipata upenyo bandani atachukua kuku, na pengine ataua zaidi ya mmoja. Kichwa kikipita, mwili wote umepita. Vueni ule waya wa kuku wenye matundu makubwa, wekeni wa kuchomelewa wa nusu inchi, na uingie ardhini kidogo. Mlango ufungwe saa kumi na mbili jioni, si baada ya taarifa ya habari. Kwa mwewe, vifaranga wakae chini ya wavu mpaka wakue.

Dokta Kabete
Na nyongeza moja. Mkimkuta yeyote kati yao ameanguka chini, au anatembea mchana akiyumba na haogopi watu, msimshike. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yao. Waiteni KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.

SQ ya Nyuma
Asanteni sana. Waya tumeanza kuutafuta soko la Gikomba. Sasa mama amegeuka upande wa pili kabisa: anataka kuweka ndizi ukutani kila jioni ili wajukuu wakija waone komba. Nimwambieje?

Bi Nyuni
Mwambie hapana, mama. Ndizi zikibaki asubuhi kima wa Karura watazijua ndani ya wiki, na kima akishazoea ukuta anahamia jikoni. Wajukuu wakae barazani taa zikiwa zimezimwa, papai moja likiachwa liivie mtini. Na madirisha ya jikoni muyafunge hata hivyo.