Naomba ushauri: kituo cha Ulaya kinataka kuskani hati za wazee wetu Lindi

Habari wakuu. Kikundi chetu hapa Lindi kinakusanya hati za wazee: barua za mirathi, mashairi, hati za mashamba ya minazi, nyingi ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu, pembeni zimeliwa na mchwa. Kituo kimoja cha utafiti wa kidijitali huko Ulaya kinataka tushirikiane: walete skana, picha zikae kwenye seva yao. Wazee wamegoma. Wanakumbushia mifupa ya mjusi wa Tendaguru (dinosaria) hapa Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913, mpaka leo iko Berlin. Na seva yetu wenyewe, kwa umeme huu?

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kituo watafuatilia wenyewe. Kwenye mkataba nidai nini kwanza: nakala kamili ibaki Lindi, hati za mirathi zifungwe zisionwe na kila mtu, au vijana wetu wafundishwe kazi? Mwenye uzoefu anisaidie vipengele.